Filamu Huanza kwa Sentensi Nne



Mwaka jana, baina ya Magharibi na Isha, alibisha hodi nyumbani kwangu binti mmoja niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi barazani akiwa na karatasi mbili na ombi moja. Alikuwa amechaguliwa, pamoja na vijana wenziwe, kwenda kuwasilisha wazo la filamu mbele ya jopo la watayarishaji na watoa fedha. Angepewa dakika 5 za kusema na dakika 5 za kuulizwa maswali. Mambo yote yangekwenda kwa Kiingereza, naye alitaka nimsahihishie Kiingereza chake.

Nikamsahihishia, na kwa kufanya hivyo nikamharibia. Makala haya ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Kabla sijaichukua karatasi nilimwomba anisimulie kwa mdomo hiyo hadithi yenyewe. Alinisimulia. Mama yake analima mwani katika kijiji kimoja cha mwambao wa mashariki ya Unguja. Kilimo hicho kilianza kwetu kama biashara mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi kuliko ya wanaume. Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa ikaenda mbali, kina mama hushuka pwani, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi, kisha hurudi kabla maji hayajajaa. Miaka ya karibuni maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, na mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, hauvumilii joto hilo. Njia mojawapo iliyojaribiwa ni kuuhamishia kwenye maji ya kina kirefu. Lakini mwanamke aliyelima miaka 30 akiwa amesimama juu ya mchanga hajui kuogelea, na kwa mtu mzima wa rika lake kujitosa majini mbele ya watu ni jambo la kutahayarisha.

Kutokana na hali hiyo binti alikuwa ametunga kisa. Kuna mama aitwaye Bi Mize. Zamani alimkataa msichana mmoja asiolewe na mwanawe, kwa sababu msichana huyo alikuwa akiogelea na wavulana, naye Bi Mize akaona hana haya. Wale vijana wakaoana bila ya radhi yake. Sasa mwani unakufa, na katika kijiji kizima mwanamke pekee awezaye kumfundisha Bi Mize kuogelea ni huyo mkamwana wake.

Alipofika hapo jirani yangu, aliyekuwa amekuja kuazima ngazi, alikuwa ameketi chini kitambo na ngazi ameisahau. Akauliza, "Ehe, kwa hiyo alimwendea?" Laiti ningekuwa na akili jioni ile, ningejua kwamba kazi yangu imekwisha, na kwamba jopo bora kuliko lolote limekwisha kutoa hukumu pale pale barazani.

Badala yake nilichukua kalamu nyekundu, kama nilivyozoea katika miaka yangu yote ya ualimu. Nikaifuta sentensi yake ya kwanza, nikaandika nyingine kwa Kiingereza kilichonyooka. Ukiirudisha kwa Kiswahili, sentensi yangu ilisema kwamba filamu hii inamhusu mwanamke wa jamii iliyo pembezoni anayekabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi katika safari yake ya kujiwezesha. Jina la Bi Mize lilitoweka. Mkamwana alipelekwa ukurasa wa pili. Haya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisukuma kisa chote, haikutajwa popote, kwa kuwa sikupata neno la Kiingereza lililoniridhisha. Nilimrudishia karatasi nikijisifu moyoni.

Siku ya kuwasilisha nilikuwapo ukumbini, safu ya nyuma. Binti alisema vizuri, hakukosea sarufi hata mara moja. Mjumbe wa kwanza akamuuliza kama hiyo ni filamu ya kuelimisha umma. Wa pili, aliyetoka katika nchi yenye majira manne ya mwaka, akataka kujua kwa nini ni lazima filamu ipigwe katika msimu wa maua, kwani neno la Kiingereza nililolitumia kwa bamvua ndilo hilo hilo linalotaja msimu huo. Binti akaanza kueleza habari za kupwa na kujaa, na dakika zikamwishia humo humo baharini. Mjumbe wa tatu alisema kwa upole kwamba mada ni muhimu, ila yeye hamwoni mtu ndani yake. Alisema kweli. Mtu nilikuwa nimemfuta mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na rai moja, nami naileta kwenu ili muipime. Wazo la filamu litengenezwe kwanza kwa lugha ambayo wahusika wake wanaisema, mpaka liweze kusimama kwa sentensi nne. Tafsiri, kama inahitajika, ije mwisho kabisa. Asiyeweza kukieleza kisa chake kwa ufupi katika lugha ya kisa chenyewe bado hajakijua, na lugha ya kigeni haitamjulisha. Itampa tu maneno ya kuuficha ujinga wake.

Natangulia na neno lenyewe. Vijana husema "kupichi", nami siwalaumu, kwani neno hilo limewafikia pamoja na jambo lake. Wengine husema "kunadi wazo", kama wagombea wanavyonadi sera. Mimi neno hilo nalikwepa. Mnadi hutafuta bei ya juu kutoka kwa yeyote aliyepita njia, na biashara yao huishia hapo. Mwenye wazo la filamu humtafuta mtu watakayekaa pamoja miaka miwili, mitatu, pengine mitano. Jambo hilo liko karibu na posa kuliko mnada. Mshenga hasemi mengi, husema ametoka kwa nani, amekuja kwa ajili ya nani na anaomba nini, kisha hunyamaza akasubiri. Ndiyo maana nashikilia "kuwasilisha". Mzizi wake ni kuwasili, yaani kufika, na aliyesema dakika 5 bila ya jambo lake kufika upande wa pili hajawasilisha kitu.

Sasa nije kwenye hizo sentensi nne. Sisi tuliolelewa na mashairi tuna kipimo ambacho hatujakitumia ipasavyo. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, jumla 64. Mishororo hiyo ina majina: mwanzo, mloto, mleo na kituo. Washairi wetu wameweza kwa karne nyingi kutia ndani ya chombo hicho kidogo ugomvi, mapenzi, msiba na hukumu. Kwa nini kisitoshe kubeba kiini cha filamu?

Sisemi wazo liandikwe kwa vina. Vina katika kazi hii vingekuwa pambo, na pambo humfanya msikilizaji amtazame msemaji akaacha kukisikiliza kisa. Nasema tuazime kipimo na mpangilio wake tu. Katika mwanzo, mtaje mtu na upungufu wake. Katika mloto, sema kilichobadilika hata asiweze kuendelea kama zamani. Katika mleo, taja kizuizi, na ikiwezekana kiwe mtu mwingine, kwa kuwa kamera humwona mtu kwa urahisi kuliko hali. Katika kituo, weka swali ambalo filamu nzima itakuwa ikilijibu. Kisha hesabu mizani, na ikipita 64, punguza.

Binti alirudi kwangu baada ya wiki mbili, mimi nikiwa nimemwomba radhi, tukaanza upya kwa Kiswahili. Tulikaa jioni tatu. Kilichobaki ni hiki:

Bi Mize analima mwani, lakini hajui kuogelea. Maji yamepata moto, mwani utapona kilindini tu. Wa kumfundisha ni mkamwana aliyemkataa. Nani atashuka kwanza?

Tazama neno la kituo. Mkulima wa mwani hushuka pwani kila bamvua, na hapa inambidi ashuke zaidi, mpaka maji yampite kichwa. Lakini mwenye kiburi naye hushuka, na mama mkwe na mkamwana wote wawili wana cha kushukia. Kitenzi kimoja kimebeba bahari na ugomvi wa nyumbani. Hatukukitafuta kwa ujanja. Kilikuja chenyewe kwa sababu tulikuwa ndani ya lugha ambayo watu hao wanagombania humo.

Hata hivyo tulikuwa tumezidisha mizani moja, tukifikia 65. Binti akaenda kijijini kumsomea mama yake. Mama alisikiliza, akasema kila kitu ni sawa isipokuwa neno "kumfundisha". Kufundishwa, alisema, ni mambo ya skuli. Bi Mize anakwenda kufunzwa. Sote tunaijua methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa mama, aliyezoea kuwa mwenye kufunza, amegeuzwa kuwa mwenye kufunzwa, na tena na mtoto wa watu aliyemdharau. Sentensi ikawa "Wa kumfunza ni mkamwana aliyemkataa", na mizani zikatimia 64. Mkulima wa mwani alimsahihisha mwalimu wa Kiswahili, nami nilistahili.

Baada ya sentensi nne, yaliyobaki ya kuwasilisha hayana siri kubwa, ila vijana wengi huyakosea, kwa hiyo nayataja.

La kwanza, simulia mwisho. Wengi huficha mwisho wa kisa wakidhani wanamtia hamu msikilizaji. Hiyo ni kazi ya tangazo la filamu iliyokwisha kupigwa. Anayeombwa fedha ana haki ya kujua anafadhili kisa kinachofika wapi. Kitendawili hutegwa ili kiteguliwe, na asiyejua jibu la kitendawili chake hana ruhusa ya kudai mji.

La pili, sema kwa nini wewe. Usitoe wasifu wa shule ulizosoma. Binti alisema tu kwamba amefunga mwani pamoja na mama yake tangu utotoni, na kwamba yeye mwenyewe hajui kuogelea. Sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko vyeti vyake vyote.

La tatu, toa picha moja. Filamu hutazamwa, hivyo jopo lipewe kitu cha kukiona. Alichagua picha ya kanga ya Bi Mize ikivimba juu ya maji mara ya kwanza anapoingia, huku mkono mmoja ukiishika isimvue na mwingine ukimtafuta mkamwana.

La nne, taja kazi imefika wapi na unaomba kiasi gani. Watu wetu huona haya kutaja fedha, wakaishia kusema wanahitaji "msaada wowote". Msaada wowote si ombi. Anayejua gharama ya mashua, mafuta na siku 20 za wapiga picha ataaminiwa kuliko anayejishusha.

La tano, jizoeze mbele ya watu watatu wasiofanana: mzee, kijana na mtoto. Usiwaulize kama wamependa, kwa kuwa watakujibu kwa adabu. Waombe wakusimulie wewe kisa hicho kesho yake. Watakachokikumbuka ndicho chenye nguvu. Walichokisahau wote watatu, kitoe.

Na la sita, uchunge mfano wa filamu za wengine. Inasimuliwa sana kwamba filamu ya Alien, iliyotoka 1979, iliuzwa kwa maneno machache tu yaliyosema ni Jaws ya angani. Kwa wenye filamu hizo mfano ule ulifaa, kwa kuwa wanunuzi wote walikuwa wameiona Jaws miaka michache nyuma. Lakini nimewasikia vijana wetu wakiingiza visa vya Pemba na Kilwa ndani ya majina ya filamu za Marekani mpaka kisa chao kikawa mjukuu wa kisa cha watu. Mfano ukitumika, utumike kuonyesha kiasi na namna ya upigaji wa picha, usichukue nafasi ya kisa.

Najua pingamizi litakalokuja. Msomaji atasema: "Mwalimu, wenye fedha hawajui Kiswahili. Unamshauri kijana akazungumze na ukuta?" Sishauri hivyo. Nasema maandalizi yawe kwa Kiswahili hata kama uwasilishaji utakuwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kwani mtu hutafsiri vyema kile anachokijua. Tena kuna maneno ya kuyaacha yalivyo. Bamvua ibaki bamvua, ielezwe kwa mkono: bahari inakwenda mbali, kisha inarudi. Mjumbe wa kigeni ana uwezo wa kujifunza neno moja jipya katika dakika 5, nasi tusimnyime heshima hiyo.

Wapo pia watakaosema Kiswahili ni cha soko la nyumbani tu. Hao waitazame Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa 1999, watu wake wanasema Kiswahili, na mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Ulimwengu uliisoma kwa maandishi ya chini ya skrini. Ikiwa filamu iliyokamilika inaruhusiwa kusema Kiswahili, kwa nini wazo lake lilazimishwe kusema lugha nyingine ili lizaliwe?

Lakini niseme pia jambo lisilowapendeza wapenzi wenzangu wa lugha. Kiswahili peke yake si dawa. Nacho kina maneno yake matupu. Ningeweza kumwandikia binti yule, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba filamu inalenga kuhamasisha wadau katika suala zima la uwezeshaji, na Bi Mize angezama vile vile. Maneno ya warsha na ripoti yanaua kisa katika lugha yoyote. Tunachokitafuta ni Kiswahili cha barazani na cha pwani, kile kilichomfanya jirani yangu asahau ngazi.

Miezi michache baadaye binti alipata nafasi nyingine, mbele ya jopo jingine. Aliomba ruhusa ya kuanza kwa Kiswahili kwa muda usiozidi nusu dakika, wakamkubalia. Akasema zile sentensi nne bila ya karatasi, akanyamaza kidogo baada ya swali la kituo, kisha akaendelea kwa Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka katika Kiswahili chake. Mara hii sikukigusa. Swali la kwanza la jopo halikuhusu tabianchi wala msimu wa maua. Mama mmoja asiyejua Kiswahili alimuuliza, "Mwishowe, nani anashuka?" Lilikuwa swali la jirani yangu lililosafiri mbali.

Hakushinda nafasi ya kwanza. Mtayarishaji mmoja ameomba kuusoma mswada wote, na binti sasa anauandika. Filamu haijapigwa, wala siwezi kukuahidi kwamba itapigwa. Ninachojua ni kwamba safari hii ikikataliwa, kitakachokuwa kimekataliwa ni kisa chake mwenyewe. Mara ya kwanza walikataa sentensi yangu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa waandaaji wa matamasha na warsha za filamu katika mwambao wetu: kila kijana apewe hiari ya kuwasilisha kwa Kiswahili, mkalimani awekwe, na katika kila jopo awepo angalau mjumbe mmoja anayeisikia lugha hii bila ya kutafsiriwa. Tangu 2022 dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, nasi hutoa hotuba nyingi siku hiyo. Hiari ya dakika 5 ingeifaa lugha kuliko hotuba nyingine.

Kwa walimu wenzangu, mliopo kazini na mliostaafu: kijana akikuletea karatasi umsahihishie, mwambie kwanza aiweke chini akusimulie. Kalamu nyekundu ingoje. Na wewe mwenye wazo la filamu, liandike usiku huu kwa sentensi nne, uhesabu mizani zake, kisha umsomee mtu unayemsimulia habari zake. Usikilize ni neno gani atakalolibadilisha.

Hapa nakunja jamvi.